Meza ya magazeti ya shilingi 20, Oginga Odinga Street

Kwenye Oginga Odinga Street hapa Kisumu, upande unaopata kivuli asubuhi, kuna meza ya magazeti isiyo na jina wala bango. Ni mbao mbili zilizolazwa juu ya kreti za soda, mawe manne ya kuzuia kurasa zisipeperushwe na upepo wa ziwani, na benchi la watu wanne ambalo hukaliwa na sita. Kununua gazeti ni shilingi 60. Kulisoma hapo hapo na kulirudisha ni shilingi 20. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule karibu na soko la Jubilee, na kabla sijafungua kibanda saa mbili huwa nimeketi pale tangu saa moja, kikombe cha chai ya maziwa mkononi. Nimefanya hivyo karibu kila siku ya kazi tangu Julai mwaka huu wa 2022, na sasa Oktoba inaisha. Naona nimeijua huduma hii vya kutosha kuieleza. Naipa nyota nne kati ya tano.

Wako wanaosema kukodisha gazeti ni kumnyima mwenye gazeti riziki yake, na sitabishana nao. Ndiyo maana Ijumaa nanunua langu. Lakini siku nyingine ninachokilipia si karatasi peke yake. Namlipia mwenye meza.

Tunamwita Jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo, kwa umri wake na kwa heshima. Mimi ananiita nyaminwa, dada yetu. Siku niliyomjua vizuri ilikuwa Alhamisi, tarehe 7 Julai. Usiku wa kuamkia siku hiyo simu yangu haikulala. Kundi moja la WhatsApp nililomo lilikuwa limeshamwondoa madarakani Boris Johnson, Waziri Mkuu wa Uingereza. Mmoja akamweka Ben Wallace mahali pake, mwingine akasema bunge la Uingereza limevunjwa. Asubuhi nikafika mezani nimejaa habari hadi kooni, nikamwambia Jaduong', "Johnson ameshaenda." Akaniuliza nani amesema. Nikamjibu kwamba imeandikwa kwenye kundi. Akaweka kidole juu ya ukurasa wa mbele: "Gazeti hili lilifungwa jana usiku, na lilipofungwa mtu huyu alikuwa bado anakataa kutoka. Tangu hapo mpaka sasa mimi sijui, na wewe hujui, nyaminwa."

Mchana huo huo Johnson alisimama mbele ya Nambari 10 Downing Street akatangaza kuachia uongozi wa chama cha Conservative. Kundi likashangilia kwamba lilijua mapema. Halikujua, lilibahatisha. Nami nilikuwa nimeshampa mteja wangu habari ile kama kitu cha kweli, mama wa watu aliyekuja kuchukua sketi mbili za bluu. Jambo hilo liliniuma, na ndilo lililonirudisha kwenye benchi kesho yake.

Kesho yake benchi zima lilikuwa na swali moja: ameondoka au hajaondoka? Jaduong' akaeleza polepole. Kule Waziri Mkuu hapigiwi kura na nchi nzima kama rais wetu. Ni yule anayeongoza chama chenye wabunge wengi. Johnson ameachia chama. Uwaziri mkuu anabaki nao hadi chama kipate kiongozi mwingine. Akatukumbusha kwamba tarehe 6 Juni wabunge wa chama chake walikuwa wamepiga kura ya imani, 211 wakamtaka na 148 wakamkataa, na ushindi huo haukumfikisha mbali. Tarehe 5 Julai waziri wake wa fedha, Rishi Sunak, na wa afya, Sajid Javid, walijiuzulu jioni moja, na ndani ya siku mbili zaidi ya watu 50 serikalini wakafuata.

Hapo ndipo ubao ulipozaliwa. Vitambaa vya sare huletwa kwangu kwenye kadibodi ndefu, nami nikampelekea moja. Akaigawa katikati kwa mstari mweusi. Kushoto akaandika IMEHESABIWA, kulia INASEMEKANA. Sheria yake ni fupi: kushoto haliingii jambo mpaka aliyehesabu atangaze mwenyewe. Kulia unaweza kuleta chochote, ila useme nani kasema. Ukishindwa kumtaja, huandikiwi.

Upande wa kulia ulijaa kwa siku mbili tu. Kwamba Wallace, waziri wa ulinzi, ndiye atakayechukua. Kisha Wallace akasema hagombei, Jaduong' akamkata. Kwamba Penny Mordaunt ndiye kipenzi cha wanachama. Kwamba kampuni za kamari za London zimempa yeye nafasi ya kwanza. Hili la kamari lilikuwa kweli kwa siku kadhaa za katikati ya Julai, na fundi viatu wa jirani aliliamini hata akawekeana shilingi 500 na dereva mmoja wa tuktuk.

Halafu kushoto kukaanza kujaa. Wagombea wanane wa uongozi wa chama, kila mmoja akiwa amepata wabunge 20 wa kumpendekeza, na wabunge wa chama wangewachuja raundi baada ya raundi hadi wabaki wawili. Kura ya kwanza, tarehe 13 Julai: Sunak 88, Mordaunt 67, Liz Truss 50, Kemi Badenoch 40, Tom Tugendhat 37, Suella Braverman 32, Nadhim Zahawi 25, Jeremy Hunt 18. Asiyefika 30 alitoka, kwa hiyo Zahawi na Hunt wakaenda. Kila jioni ya kura Jaduong' alisikiliza redio yake ndogo ya betri, na asubuhi tulikuta safu mpya, kabla hata hatujafungua gazeti. Kura ya tatu alimwandikia Badenoch 57 badala ya 58. Gazeti lilipomsahihisha hakufuta. Alipiga mstari mmoja juu ya 57 ili ile ya zamani isomeke bado, akaandika 58 pembeni, na kila aliyefika asubuhi hiyo alimwambia, "Jana nilikosea hapa." Sijawahi kuona muuza habari mwingine akifanya hivyo, mjini humu wala kwenye simu yangu.

Asubuhi ya tarehe 21 Julai ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote. Kura ya nne ilikuwa Sunak 118, Mordaunt 92, Truss 86, Badenoch 59. Ya tano, baada ya Badenoch kutoka: Sunak 137, Truss 113, Mordaunt 105. Mordaunt, aliyekuwa wa pili raundi zote nne, ametolewa kwa kura nane. Fundi viatu alishika kichwa. Jaduong' hakumcheka. Alimpa kipande cha chaki akamwambia ajumlishe. Sunak ameongeza 19. Truss ameongeza 27. Mordaunt ameongeza 13. Kumi na tisa na ishirini na saba na kumi na tatu ni 59, hesabu ile ile ya Badenoch, haikupotea hata moja. Tulinyamaza benchi zima. Kulikuwa na mvuto wa aina yake kuona kura za watu wa mbali zikitua zote mbele ya macho yetu, kwenye kadibodi ya kitambaa cha sare.

Kijana mmoja wa bodaboda akasema kambi ya Sunak imemkopesha Truss kura ili isikutane na Mordaunt. Uvumi huo ulikuwepo kweli, hata magazeti yalikuwa nao. Jaduong' akauandika kulia. Kijana akataka uende kushoto kwa sababu hesabu inaukubali. Jaduong' akamjibu, "Hesabu inaonyesha zimekwenda wapi, omera. Haionyeshi nani kazituma." Kura ni ya siri, na nambari zile ni jumla ya walioingia na waliohama, hazina majina ya watu. Jibu hilo nimelitumia mara nyingi tangu siku hiyo, hata kwenye hesabu za vitambaa vyangu.

Niseme na yanayokera, maana yapo. Gazeti analitenganisha kurasa ili wasome wengi kwa pamoja, na ukifika baada ya saa moja na nusu kurasa za michezo zimeshachukuliwa na wenye mikeka ya kubeti. Usitegemee kuzipata. Saa nne jua linaingia kwenye benchi na hakuna mwavuli. Fumbo la maneno daima limeshajazwa, tena kwa kalamu. Chenji ni shida, beba sarafu au ulipe kwa simu. Wanawake kwenye benchi ni wachache mno, na hapo ndipo nyota ya tano ilipobakia. Wiki ya kwanza mzee mmoja aliniuliza mambo ya Uingereza na cherehani yanakutana wapi. Jaduong' alimwambia, "Amelipa ishirini kama wewe," akanipa ukurasa wa mbele. Lakini mwanamke hapaswi kusubiri mwenye meza amtetee ndipo apate pa kukaa, na wateja wa pale wanapaswa kulijua hilo bila kuambiwa.

Baada ya wabunge, kazi iliingia kwa wanachama wa chama, na hapa benchi lilichangamka kwa sababu jambo lenyewe tunalijua mwilini. Huku kwetu mchujo wa chama ndio uchaguzi wenyewe. Mwenye tiketi amemaliza safari, na mwaka huu tumeona tiketi zikitolewa mezani bila mtu kupiga kura. Sasa tunasikia kwamba Waziri Mkuu wa nchi yenye watu zaidi ya milioni 60 atachaguliwa na wanachama wa chama kimoja, ambao idadi yao ilikuja kutangazwa baadaye kuwa 172,437. Sensa ya 2019 iliipa kaunti ya Kisumu watu 1,155,574. Wanachama wale hawafiki hata moja ya sita yetu. Mzee aliyeniuliza habari za cherehani ndiye aliyepiga hesabu hiyo, na nikampenda kwa hilo.

Mzee wa Kihindi anayeniuzia vitambaa alianza kuja nami. Ana binamu huko Leicester, Uingereza, ambaye mwaka huu wa 2022 alikuwa akilipa pauni 25 kwa mwaka za uanachama wa chama hicho, akawa anangoja karatasi yake ya kura. Mapema Agosti karatasi zikachelewa. Sababu iliyotolewa ni ushauri wa kituo cha usalama wa mtandao cha Uingereza. Awali mwanachama angeweza kupiga kura kisha akaibadilisha baadaye kwa intaneti, na ikaonekana mdukuzi angeweza kupitia mlango huo huo kubadilisha kura za watu. Mlango ukafungwa, kila mtu akabaki na kura moja isiyogeuzwa. Mzee wa vitambaa alipomaliza kutusomea, benchi zima likatamka neno moja kwa pamoja: "Seva." Yeyote aliyekuwa Kisumu mwaka 2017, upinzani ulipodai seva za tume ya uchaguzi zimedukuliwa, anajua kwa nini. Uchaguzi wetu ulikuwa umebakisha siku chache.

Tarehe 9 Agosti tukapiga kura. Sitaeleza mengi ya siku zile. Fomu 34A, zile za matokeo ya kila kituo, kutoka vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi, kila mtu mwenye simu akawa mhesabu, na kila kituo cha habari kikawa na jumla yake. Kila mmoja pale mezani alikuwa na nambari aliyoiamini. Jaduong' alikataa kuandika hata moja kushoto. Tarehe 15 Agosti ikatangazwa: William Ruto 7,176,141, Raila Odinga 6,942,930, na makamishna wanne kati ya saba wakajitenga na matokeo. Usiku ule kulikuwa na moshi mtaani Kondele. Sikufungua kibanda siku mbili.

Niliporudi mezani, watu walikuwa wanamzonga. Wengine walitaka nambari ziandikwe kulia, pamoja na uvumi. Mmoja alisema akithubutu kuziandika kushoto ubao utachanwa. Nilimwona Jaduong' akichukua kalamu, akaishika kwa muda, akairudisha mfukoni. Alisema, "Aliyehesabu ametangaza, na wenzake wanamkana. Jambo linakwenda mahakamani. Nitangoja." Ubao akaugeuzia ukutani. Kwa majuma karibu matatu hatukuuona. Namshukuru kwa hilo kuliko kwa yote mengine. Wakati ule mjini kila mtu alikuwa na la kukuuzia, na huyu muuza habari alikataa kuuza.

Tarehe 5 Septemba ilikuwa Jumatatu. Nilifunga kibanda mchana nikaenda kukaa pale, na redio ilikuwa imewekwa juu ya meza. Jaji Mkuu Martha Koome alisoma: majaji wote saba wamekubaliana, ushindi wa Ruto umethibitishwa. Hakuna aliyepiga kelele. Mama wa chai aliinamisha kichwa. Jaduong' alimpigia Baba, yaani Raila, kura maisha yake yote, alituambia hivyo wazi, na mkono wake ulitetemeka alipougeuza ubao na kuandika kushoto nambari zote mbili, kamili, bila kukunja herufi. Bado tumeketi hivyo, yapata saa nane na nusu, redio ikaingia London: Liz Truss 81,326, Rishi Sunak 60,399. Akaziandika chini ya zile za kwetu kwa kalamu ile ile. Sunak alikuwa ameongoza raundi zote tano za wabunge, na wanachama wakampita. Siku nyingine tungelijadili jambo hilo hadi jioni. Siku ile mzee wa vitambaa alisema tu, "Wote wawili walioshindwa watalala vibaya leo," tukaondoka.

Ya Truss yalikwenda mbio. Malkia Elizabeth alimteua tarehe 6 Septemba, Malkia mwenyewe akafariki tarehe 8, na tarehe 23 waziri wake wa fedha Kwasi Kwarteng akasoma bajeti ya kupunguza kodi bila kueleza fedha zitatoka wapi. Pauni ikaanguka, Benki Kuu ya Uingereza ikalazimika kuingia sokoni, Kwarteng akafutwa tarehe 14 Oktoba. Tarehe 20 Oktoba, sisi tukiwa kwenye mapumziko ya Mashujaa Dei, Truss naye akatangaza kujiuzulu, siku ya 45 tangu aingie.

Kulia kukajaa tena. Johnson, aliyekuwa likizoni Karibiani, anarudi! Fundi viatu, ambaye hakuwa amepona ile 500, alikuwa tayari kuweka nyingine. Jaduong' alisema benchi lake si meza ya kamari, na nadhani alipaswa kulisema hilo tangu Julai. Safari hii mgombea alitakiwa kuwa na wabunge 100, na kwa kuwa chama kilikuwa na wabunge 357, wasingeweza kupita zaidi ya watatu. Jumapili tarehe 23 Johnson akajiondoa akisema alikuwa amepata 102. Jumatatu asubuhi 102 ilikuwa kulia, na jina la msemaji pembeni yake: "Johnson mwenyewe."

Jumatatu hiyo hiyo, saa kumi jioni za kwetu ndipo muda ulipokuwa ufungwe, na dakika za mwisho Mordaunt akajiondoa. Akabaki Sunak peke yake, na Jumanne tarehe 25 akawa Waziri Mkuu. Mezani ilikuwa kama harusi. Baba yake Sunak alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika, na hilo lilikwenda kushoto ingawa si hesabu, kwa kuwa Sunak mwenyewe amelisema hadharani. Kuna aliyeapa kwamba baba huyo alisoma hapa Kisumu. Alipoulizwa nani kasema, akasema wazee. Hakuandikiwa.

Lakini asubuhi ya Jumatano nilimkuta Jaduong' amesimama mbele ya ubao, kalamu wazi mkononi, hajaandika chochote cha uchaguzi wenyewe. "Nyaminwa," akaniuliza, "huyu nimweke wapi? Ametangazwa, hakuna anayemkana. Lakini hakuna kura iliyohesabiwa." Nilifikiri sana nikakosa jibu. Wa bodaboda alisema kulia, wa vitambaa akasema kushoto. Mwishowe aliandika Sunak kushoto, chini kabisa mahali kadibodi inapokwisha, na mbele ya jina akaacha nafasi ya nambari.

Nimeipita meza leo nikielekea kazini. Nafasi ile iko wazi bado. Ijumaa nitakapokwenda kununua gazeti langu nitampelekea kadibodi nyingine, nimeshamwekea mbili ndefu nyuma ya cherehani.